Kocha Ndiye Abadilike

Kila Aprili timu 32 za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, huteua kwa zamu vijana wanaotoka vyuo vikuu. Na kila Aprili, jina la kwotabeki likitajwa, wachambuzi huuliza swali moja kabla ya mengine yote: je, anafaa mfumo wa timu? Akionekana anafaa, viongozi husifiwa kwa busara. Akionekana hafai, vichwa hutikiswa. Na kijana akija kushindwa baada ya miaka 3, hukumu huwa imekwisha kuandikwa: hakuendana na mfumo, basi.

Naipinga hukumu hiyo tangu kwenye mzizi wake. Kumteua kwotabeki kwa kumpima na mfumo wa kocha aliyepo ni kuianza kazi mwishoni. Apimwe kijana kwanza, kisha mfumo ujengwe kutokana na anachokiweza. Kocha asiyeweza kuujenga hivyo, au asiyetaka, huyo ndiye asiyeifaa timu. Najua nawapinga watu wanaoujua mchezo huu vizuri, na baadhi yao wana hoja nzito ambazo lazima zijibiwe.

Kwa asiyeufuatilia mchezo wenyewe: kwotabeki ndiye anayeupokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi, na ndani ya sekunde chache lazima aamue aurushe kwa nani, ampe mkimbiaji, au akimbie nao mwenyewe, huku watu wenye kilo 130 wakimjia kumwangusha. Mfumo wa ushambuliaji ni jumla ya yote anayofundishwa kwa ajili ya sekunde hizo: asimame wapi, arudi nyuma hatua ngapi, amtazame mpokeaji yupi kwanza na yupi baadaye, atumie maneno gani kuwapa wenzake maagizo. Kubadilishiwa mfumo ni kuambiwa ufikiri upya mahali ambapo hakuna muda wa kufikiri.

Jambo la kwanza ambalo watetezi wa mfumo hawalihesabu ni muda. Mkataba wa kijana aliyeteuliwa katika raundi ya kwanza ni wa miaka 4, na timu ina haki ya kuongeza wa 5. Kocha je? Watazame Arizona Cardinals. Mwaka 2018 walipanda kutoka nafasi ya 15 hadi ya 10 ili wampate Josh Rosen wa UCLA. Mratibu wa mashambulizi, Mike McCoy, alifukuzwa msimu ukiwa katikati. Kocha mkuu, Steve Wilks, alifukuzwa msimu ulipokwisha, timu ikiwa imeshinda mechi 3 na kupoteza 13. Akaletwa Kliff Kingsbury pamoja na mfumo wake wa chuo cha Texas Tech, wapokeaji wametawanywa uwanja mzima na mpira unarushwa kwa wingi. Mara Rosen, aliyekuwa tumaini la Aprili iliyotangulia, akawa hafai. Aprili 2019 Cardinals walimteua Kyler Murray wa Oklahoma kabla ya kijana mwingine yeyote nchini, na siku iliyofuata Rosen akapelekwa Miami.

Murray na Kingsbury, tuliambiwa, ni chanda na pete. Pengine ilikuwa kweli. Lakini Januari 2023 Kingsbury naye alifukuzwa. Wakaja Jonathan Gannon na mratibu Drew Petzing, wenye mawazo mengine kabisa, wakamkuta Murray anauguza goti lililochanika Desemba iliyotangulia. Timu ilikuwa imetumia nafasi 2 za raundi ya kwanza katika miaka 2 kutafuta mtu wa kuufaa mfumo, na mifumo yote 2 ikaondoka na wenyewe. Mnaonitaka nimchague kijana kwa mfumo, niambieni kwanza mfumo huo utakuwapo hadi lini.

Wataniambia kwamba Arizona ni timu ya ovyo, nisiitumie kuwahukumu wote. Haya, twende kwa bwana mkubwa wa mifumo, mtu ambaye makocha wa ligi nzima hujivunia kuwa wanafunzi wa wanafunzi wake: Bill Walsh.

Mwaka 1969 Walsh alikuwa kocha msaidizi wa Cincinnati Bengals, chini ya Paul Brown. Timu ilikuwa imemteua Greg Cook, kijana mrefu mwenye mkono wa ajabu, na Walsh alimwekea mashambulizi ya pasi ndefu, kwa sababu hicho ndicho Cook alichokiweza kuliko mtu yeyote. Bega la Cook likaumia mwaka huohuo wa kwanza, na hakuwahi kurudi alivyokuwa. Nafasi yake ikashikwa na Virgil Carter, mtu mwenye akili nyepesi na shabaha nzuri, lakini mkono wake haukuweza kufikisha mpira kule Cook alikokuwa akiufikisha. Walsh angeweza kumlaumu. Angeweza kumwendea Paul Brown na kumwambia, mtu huyu haufai mfumo wangu. Badala yake aliuvunja mfumo. Akapanga pasi fupi, za haraka, zinazokwenda upande hadi upande, kila pasi ikihesabiwa pamoja na hatua za miguu ya kwotabeki ili mpira utoke kabla adui hajafika. Mwaka 1970 Bengals walishinda kundi lao. Mwaka 1971 Carter aliongoza ligi nzima kwa asilimia ya pasi zilizofika.

Pasi zile fupi ndizo zilizokuja kujulikana kama mashambulizi ya Pwani ya Magharibi, Walsh alipokwenda San Francisco mwaka 1979, akamteua Joe Montana katika raundi ya 3, wa 82 kwa jumla, na kutwaa Super Bowl, fainali ya ligi, mara 3 kabla ya kustaafu. Ndizo zilizozaa mifumo mingi ambayo leo vijana hupimwa nayo. Yaani mfumo unaoheshimiwa kuliko yote ulizaliwa siku kocha alipomtazama mtu dhaifu aliye mbele yake na kuuliza, huyu anaweza nini? Waliomrithi waliyachukua majibu yake wakayakariri, na swali lenyewe wakaliacha. Hili linaniudhi kuliko jambo lolote katika mjadala huu. Wanaotumia jina la Walsh kumkataa kijana kwa sababu ya mfumo hawajaielewa kazi ya Walsh.

Hoja inayofuata ya upande wa pili ni ya wahenga: samaki mkunje angali mbichi. Kijana ana miaka 21 au 22, wanasema, atafundishika. Mpe kitabu cha mipango, mpe mwaka, ataukamata mfumo.

Methali ni ya kweli, ila inadai mkunjaji awe mmoja. Alex Smith aliteuliwa wa kwanza na San Francisco 49ers mwaka 2005, kutoka Utah, ambako kocha wake Urban Meyer alimweka mbali na mstari wa mbele, akipokea mpira hewani na kuwasoma walinzi akiwa na nafasi ya kuona. Mwaka 2005 mratibu wake alikuwa Mike McCarthy. Mwaka 2006 alikuwa Norv Turner. Mwaka 2007 Jim Hostler. Mwaka 2008 Mike Martz, msimu ambao Smith hakucheza kabisa kwa sababu ya bega. Mwaka 2009 Jimmy Raye. Waratibu 5 katika misimu 5, kila mmoja na istilahi zake, hesabu zake za hatua, na imani yake juu ya nani atazamwe kwanza. Katika msimu wake wa kwanza alirusha pasi 1 ya tachidauni, yaani ya kufunga, na 11 zikanaswa na adui. Nchi nzima ikasema ameshindwa. Na kila mwaka kulikuwa na mtu wa kumlinganisha na Aaron Rodgers, aliyechukuliwa wa 24 na Green Bay katika uteuzi uleule. Mara chache walitaja kwamba Rodgers alikaa benchi misimu 3 nyuma ya Brett Favre, akijifunza bila kuangushwa kila Jumapili.

Mwaka 2011 akaja Jim Harbaugh. Yeye mwenyewe alikuwa kwotabeki wa NFL zamani, na alimtaka Smith afanye yale anayoyafanya vizuri: asipoteze mpira, asome walinzi, atoe pasi mapema. Timu ikashinda mechi 13 kati ya 16. Smith alinaswa pasi 5 tu msimu mzima, kisha akawatoa New Orleans Saints kwenye mchujo kwa pasi ya sekunde za mwisho kwa Vernon Davis. Baadaye, akiwa Kansas City chini ya Andy Reid, aliongoza ligi nzima kwa alama za upigaji pasi mwaka 2017, akiwa na miaka 33. Mkono ulikuwa uleule na kichwa kilekile. Nani atamrudishia ile miaka ya mwanzo? Mashabiki walimzomea katika uwanja wake mwenyewe kwa makosa yaliyopangwa ofisini.

Sasa tumtazame kijana ambaye mfumo wa ligi nzima ulimkataa, wala si timu moja. Lamar Jackson wa Louisville alitwaa tuzo ya Heisman mwaka 2016, akiwa mchezaji bora wa vyuo vyote. Alipofika mlangoni mwa NFL mwaka 2018, Bill Polian, kiongozi wa zamani wa timu aliyeheshimiwa sana, alisema hadharani kwamba Jackson angefaa kugeuzwa mpokeaji. Makwotabeki 4 walichukuliwa kabla yake: Baker Mayfield, Sam Darnold, Josh Allen na Rosen. Jackson alisubiri hadi nafasi ya 32, ya mwisho katika raundi ya kwanza, ndipo Baltimore Ravens walipomchukua.

Walichofanya Baltimore baada ya hapo kinastahili kufundishwa. Walikuwa na Joe Flacco, mrefu, mzito wa miguu, mshindi wa Super Bowl, na mashambulizi yaliyopangwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo. Hawakumtaka Jackson awe Flacco. Kocha mkuu John Harbaugh alimpa Greg Roman uratibu mwaka 2019, na mashambulizi yakajengwa upya tangu chini: wapokeaji wa pembeni wanene wanaoweza kuzuia na kudaka, mkimbiaji mwenye nguvu ubavuni mwa kwotabeki, na walinzi wa upande wa pili kulazimika kila mara kubahatisha mpira uko kwa nani. Jackson alikimbia yadi 1,206, rekodi ya kwotabeki kwa wakati ule. Timu ilikimbia yadi 3,296, rekodi ya ligi. Na yule aliyeambiwa hawezi kurusha akaongoza NFL kwa pasi 36 za tachidauni, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi bila kura hata moja kumwendea mwingine.

Walioshindwa kupinga hayo walikimbilia kusema kwamba Jackson ni zao la mfumo wa Roman, ukimwondoa humo atafifia. Roman aliondoka baada ya msimu wa 2022. Akaja Todd Monken na mashambulizi yenye pasi nyingi zaidi, na Jackson akawa mchezaji bora wa ligi tena mwaka 2023. Kilichobaki palepale katika vipindi vyote viwili ni kocha mkuu aliyekubali kwamba kazi inaanzia kwa mchezaji.

Nafika kwenye hoja nzito kuliko zote za upande wa pili, na sitaikwepa. Brock Purdy alichukuliwa na 49ers mwaka 2022 katika nafasi ya 262, ya mwisho kabisa. Hakuna timu iliyomwona wa maana. Lakini mfumo wa Kyle Shanahan, unaodai kwotabeki aone haraka na aachie mpira kwa wakati, ulimkaa barabara, na msimu wa 2023 aliipeleka timu Super Bowl. Je, huo si ushahidi kwamba kuufaa mfumo ndiko kila kitu?

Ungekuwa ushahidi kama wangelijua hilo siku ya uteuzi. Hawakulijua. Kyle Shanahan huyohuyo, mwenye mfumo wake mkononi, mwaka 2021 aliitazama nchi nzima akitafuta kwotabeki wake, na timu ikatoa nafasi 3 za raundi ya kwanza ili kumpata Trey Lance. Lance hakuwika, akapelekwa Dallas mwaka 2023. Ikiwa mtungaji wa mfumo anamtafuta mtu wa kuufaa, anamkosa kwa gharama kubwa kiasi hicho, kisha anampata kwa kuokota jina la mwisho katika orodha, basi kufaa mfumo si kitu kinachoonekana Aprili. Kinaonekana Novemba, mtu akiwa uwanjani. Hatuwezi kukifanya kuwa kipimo cha uteuzi wakati mabingwa wenyewe hawakioni. Na Shanahan yuko San Francisco tangu 2017. Timu ngapi zinaweza kumwahidi kijana uthabiti wa namna hiyo?

Wengine watanitajia Robert Griffin III. Washington walitoa mali nyingi kumpata mwaka 2012, wakamletea mipango ya chuo chake cha Baylor, naye akawa kijana bora wa mashambulizi wa mwaka na kuirudisha timu kwenye mchujo. Kisha goti likaisha, na tukaambiwa: mnaona, ukimfuata kijana anavunjika. Lakini goti lile lilikuwa limeumia tangu Desemba, katika mechi dhidi ya Baltimore. Januari 2013 aliingizwa katika mchujo dhidi ya Seattle na goti hilohilo, juu ya uwanja uliochakaa, akaachwa humo huku kila mtazamaji akimwona anachechemea. Huo ulikuwa uamuzi wa watu, siku ile, pembeni mwa uwanja. Mfumo uliomfuata ulikuwa umempa msimu bora aliowahi kuwa nao.

Mipaka ipo. Mwaka 2011 Denver walibadilisha mashambulizi yao yote kumfuata Tim Tebow, wakafika mchujo na kuwatoa Pittsburgh katika muda wa nyongeza, na bado ilikuwa wazi kwamba hawezi kurusha mpira kwa kiwango cha ligi. Walipompata Peyton Manning walimwachia Tebow aende, na walifanya vyema. Sisemi kwamba kila kijana ni Jackson aliyekosewa. Nasema kwamba Denver walijua ukweli kuhusu Tebow kwa sababu walimpa mashambulizi yanayomfaa, wakaona mwisho wake ni wapi. Timu inayomlazimisha kijana kucheza kama mtu mwingine haipati hata ujuzi huo. Inamtupa bila kumjua.

Na wanaotupwa ni wengi. Jared Goff, wa kwanza mwaka 2016, alianza mechi 7 za Los Angeles Rams mwaka huo na kupoteza zote 7. Mwaka uliofuata, chini ya Sean McVay, timu ilishinda 11, na baada ya mwingine ikafika Super Bowl. Wakasema ni mfumo wa McVay tu. Rams wakampeleka Detroit mwaka 2021 pamoja na nafasi 2 za raundi ya kwanza, ili kumpata Matthew Stafford, na wao wakatwaa ubingwa naye. Huko Detroit mratibu Ben Johnson aliketi na Goff, akajenga mashambulizi juu ya pasi anazozipenda, na Januari 2024 Goff aliwatoa Rams haohao kwa pointi 24 kwa 23. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Detroit katika mchujo tangu Januari 1992. Mayfield alitoka Cleveland akapitia Carolina na Los Angeles kabla ya kurusha tachidauni 41 akiwa na Tampa Bay mwaka 2024. Darnold, aliyesagwa New York, aliipa Minnesota ushindi wa mechi 14 mwaka huohuo chini ya Kevin O'Connell, yeye mwenyewe kwotabeki wa zamani. Hawa walibahatika kuishi ndani ya ligi muda wa kutosha hadi wakakutana na mtu wa kuwauliza wanaweza nini.

Tarehe 26 Septemba 2021, Chicago Bears walimwanzisha Justin Fields kwa mara ya kwanza, huko Cleveland. Alikuwa mmoja wa makwotabeki wenye mbio zaidi katika uteuzi wa mwaka ule, na timu ilikuwa imepanda hadi nafasi ya 11 kumchukua. Mpango aliopewa ulimsimamisha mahali pamoja nyuma ya wazuiaji wenzake waliokuwa wakishindwa, bila msaada wa kutosha wa kuwazuia wapinzani, bila kumtoa pembeni ambako miguu yake ingemsaidia. Aliangushwa mara 9. Timu nzima ilimaliza mchezo na yadi 47. Mchagua jembe si mkulima, na siku ile aliyekuwa na jembe jipya mkononi alilima kana kwamba bado anashika lile la zamani. Baadaye, mwaka 2022, chini ya makocha wengine, Chicago walimpangia mbio zake mwenyewe, akakimbia yadi 1,143.

Kwa hiyo Aprili ijayo, mwenye timu aliye karibu kusaini mkataba wa mamilioni amwite kocha wake kabla ya jina kusomwa. Amwombe michezo 10 ambayo kijana yule aliifanya vizuri zaidi chuoni, na amtake aonyeshe mahali ilipo ndani ya kitabu chake cha mipango. Ikiwa haimo, aambiwe aandike kurasa mpya kabla ya Julai, kambi ya mazoezi inapofunguliwa. Akijibu kwamba kijana atajifunza vilivyopo, mwenye timu anayo majina mengine ya kuzingatia, na la kwanza kati ya hayo ni la kocha.

Na waandishi wenzangu wanaoufuata mchezo huu, kijana akishindwa, tafadhali msiandike neno la mwisho juu yake kabla ya kuhesabu waratibu aliopitishwa, wazuiaji aliowekewa mbele, na pasi alizolazimishwa kurusha ambazo hakuwahi kuzirusha maishani. Hesabu hiyo inapatikana, ni ya wazi, na haichukui hata nusu saa kuifanya.